Kabla ya Winchi Palikuwa na Watu

Foleni ya malori ya Tunduma haikosi wageni wadogo wanaojipenyeza katikati yake. Ni magari ya IT, yaani yanayopita tu nchini: yale yaliyotumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, na sasa yanapelekwa Zambia au Kongo yakiendeshwa barabarani zaidi ya kilomita 900 kabla hata ya kuvuka mpaka. Land Cruiser, Prado, Patrol na Surf hupita hapa kila siku na vumbi la safari nzima. Ndugu zao waliolipiwa ushuru wa Tanzania hubaki upande huu. Mwenye gari kama hilo akipata nafasi hulipeleka gereji likainuliwe, likafungwe ngao, mkonga wa kuvutia hewa na keria, viti vya nyuma vitolewe na mahali pake pachongwe kitanda cha mbao. Nia yake ni kushuka Bonde la Rukwa au kwenda maporomoko ya Kalambo, alale porini bila kumwomba mtu chumba.

Wengi hulichukulia jambo hili kuwa mtindo wa kuiga, ulioletwa na wasafiri wa Afrika Kusini na Australia wanaopita na mahema juu ya paa. Historia ya kona hii ya nchi inasema vingine. Hapa watu wamekuwa wakilitengeneza upya gari ili liweze njia kwa zaidi ya miaka mia moja, na karibu kila chuma kinachofungwa leo kilichukua kazi iliyokuwa ya mtu fulani. Keria na tangi la maji vimechukua kazi ya mpagazi, na winchi imechukua kazi ya wanakijiji waliovuta kamba. Anayetaka kujua gari lake linahitaji nini atafaidika akijua kwanza nani alikuwa akiifanya kazi hiyo.

Barabara iliyochora mpaka

Kabla ya injini, safari ndefu katika nchi hizi ilikuwa msafara. Mbele alitangulia kirongozi aliyejua njia na visima, nyuma yake wapagazi, kisha wapishi, askari na wanyapara. Mzigo wa mpagazi mmoja kwa desturi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na siku nzuri msafara ulikwenda kilomita 15 hadi 20. Hema, maji, chakula, shanga na nguo za kulipia njia, vyote vilikuwa vichwani na mabegani mwa watu.

Mwaka 1881 James Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow aliyekuwa mmoja wa wakurugenzi wa Kampuni ya Maziwa ya Afrika, alitoa fedha ya kujenga barabara kutoka Karonga kwenye Ziwa Nyasa hadi ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883 kazi ikiwa mbichi. Kipande cha kupanda kutoka ziwani kilichongwa vizuri, lakini sehemu kubwa iliyobaki haikuwa zaidi ya njia ya miguu iliyofyekwa. Hata hivyo ilitosha kuipitisha meli. Good News, meli ya wamisionari wa London, ilipelekwa vipande vipande kwa njia hiyo, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Vipande vyake vilifika kwa nguvu za watu.

Njia hiyo ndiyo iliyoamua Tunduma iwe wapi. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, mstari kati ya maziwa mawili ulichorwa kwa makusudi ili Barabara ya Stevenson ibaki upande wa Waingereza. Ulianzia mdomoni mwa Mto Songwe unaoingia Ziwa Nyasa, ukaishia Mto Kalambo upande wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya nchi hizo mbili ikaja kuupima. Wanyamwanga wakajikuta wamegawanyika, wengine huku, wengine kule. Kwa hiyo mpaka huu unaowalaza madereva siku kadhaa ulizaliwa kwa ajili ya barabara ambayo karibu hakuna gurudumu lililowahi kuipita.

Kilomita kumi na tano kwa siku

Tarehe 10 Agosti 1907 luteni wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akitaka kuivuka Afrika hadi bahari ya magharibi. Hakuchukua gari la mjini. Kiwanda cha Gaggenau kilimtengenezea lake mahususi, limeinuliwa juu ya ardhi kuliko magari ya zama hizo na lina nafasi ya mizigo ya safari ndefu. Kwa lugha ya gereji za leo, lilikuwa gari lililofanyiwa kazi kabla ya kuingia porini.

Lakini gari lenyewe lilikuwa nusu tu ya mpango. Petroli na vipuri vilitangulizwa na kuwekwa vituoni njiani, na waliovibeba walikuwa wapagazi walewale wa misafara. Mahali pasipo na njia watu walifyeka. Penye mto walijenga daraja la magogo, na penye mchanga walivuta. Injini ilipovunjika, safari ilisimama kwa muda mrefu ikisubiri vipuri kutoka Ujerumani. Graetz alikatiza magharibi mwa Tanganyika, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, akateremka kusini, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund, katika Namibia ya leo. Zilikuwa siku 630 kwa safari ya kilomita kama 9,500.

Gawanya uone: ni kama kilomita 15 kwa siku. Gari la kwanza kuivuka Afrika lilikwenda kwa mwendo wa mpagazi, na sababu yake haifichiki. Lilikuwa likimtegemea mpagazi kwa kila kitu isipokuwa kuzungusha magurudumu.

Vita Kuu ya Kwanza ilithibitisha jambo hilohilo kwa namna ya kutisha. Malori yalikuwepo, lakini mvua, tope na mbung'o viliyashinda malori na wanyama wa mizigo, na majeshi yakarudi kwenye mabega ya watu. Kwa hesabu rasmi, wapagazi zaidi ya 40,000 waliotumikia upande wa Waingereza Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo hao. Vita hivyo viliishia mlangoni mwa Mkoa wa Songwe wa leo: mapema Novemba 1918 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliishambulia Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo tu ya mpaka, na tarehe 25 mwezi huo akasalimu amri Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala.

Miaka sita baadaye ikaja safari nyingine. Meja Chaplin Court Treatt na mkewe Stella waliondoka Cape Town tarehe 23 Septemba 1924 na magari mawili ya Crossley, aina iliyotumiwa na jeshi la anga la Uingereza vitani. Magari hayo yalikuwa yametengenezwa upya kwa safari: bodi mpya, nafasi za mafuta na maji, vyombo vya kulala na kupikia. Walifika Kairo tarehe 24 Januari 1926, baada ya miezi 16. Mvua za Rhodesia ziliwashika miezi kadhaa katika kipande ambacho leo ni safari ya siku moja. Katika kundi lao alikuwemo Julius Mapata wa Nyasaland, mpishi na mkalimani. Na kila walipokwama, wanakijiji na ng'ombe ndio walioyakokota magari hayo kwa kamba, mitoni na matopeni. Stella aliandika kitabu, na filamu ikatoka. Wengi wa wale walioshika kamba hawakuandikwa majina.

Gari la bwana shauri

Vita Kuu ya Pili ilileta magari ya aina nyingine: madogo, mepesi, yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Jeep ya Wamarekani ilikuwa ya kwanza kuenea dunia nzima. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Japani nako Toyota walitengeneza BJ mwaka 1951, wakaipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita kuonyesha uwezo wake. Mwaka 1954 ikapewa jina la Land Cruiser.

Nyanda za Juu Kusini zilianza na Land Rover. Ilikuwa gari la bwana shauri, la bwana shamba, la padre na mchungaji, baadaye la katibu wa TANU na la mganga mkuu wa wilaya. Ilikubali kufunguliwa kwa spana chache, bodi yake haikuoza kwa kutu, na mbele iliweza kufungwa winchi inayozungushwa na injini yenyewe. Hapo ndipo ile kamba ya watu ishirini ilipoanza kuingia ndani ya gari: waya mmoja, mti mmoja imara, na mtu mmoja kwenye klachi.

Hata hivyo Land Rover ya serikali haikusafiri peke yake. Nyuma walikaa tarishi, mpishi na utingo, na penye kijiji palikuwa na jumbe wa kuamuru watu waje kusukuma. Gari lilikuwa la kisasa, lakini amri ya kupata mikono ya watu ilikuwa ileile ya enzi za msafara.

Mapenzi ya Watanzania kwa gari hili hayajaisha, na tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, lililoyakusanya kutoka pembe nyingi za nchi, ni ushahidi tosha. Kwa watu wa Songwe kuna sadfa moja ya tarehe. Land Rover Defender ya mwisho wa mfululizo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Siku hiyohiyo Mkoa wa Songwe ulizaliwa rasmi kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya.

Njia ya jehanamu

Ufundi wa gereji za Tunduma, hata hivyo, una deni kubwa zaidi kwa malori kuliko kwa magari ya mabwana. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini. Ndani ya wiki chache Zambia, ambayo mafuta yake yalipita huko, ilijikuta imebanwa koo. Ndege zilibeba mapipa ya mafuta, lakini ndege hazitoshi kulisha migodi ya shaba. Ikabaki barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma na kuendelea, sehemu kubwa ikiwa ya udongo na changarawe.

Malori yalimiminika. Mwaka 1966 iliundwa kampuni ya pamoja ya usafirishaji ya Zambia na Tanzania, iliyotumia malori ya Fiat: mapipa kwenda, shaba kurudi. Wazungu walioitumia waliibatiza njia ya jehanamu. Kiangazi vumbi lilimficha dereva asiione taa ya mwenzake. Masika malori yalizama hadi ekseli, na pembeni mwa njia yalilala mabaki ya yaliyopinduka. Utingo alijua kutumia jeki, sepetu na mbao kuliko alivyojua kusoma, na fundi aliyeweza kuchomelea chasisi iliyopasuka alikuwa na kazi mchana na usiku.

Shida hiyo haikudumu miaka mingi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilifunguliwa mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikatandikwa katika barabara kuu ya TANZAM. Agosti 1973 reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa China ilifika Tunduma, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi. Lakini maarifa yaliyopatikana yalibaki mikononi mwa watu: springi ipi huvunjika mapema, namna ya kuiongezea nguvu, namna ya kufunga pipa lisicheze, namna ya kuvuka mto bila kuzima injini. Haya hayakuandikwa kitabuni. Utingo alimwachia utingo.

Kisha ikaja njaa ya vipuri. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Mafuta yalikuwa ya mgao, na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Land Rover ya wilaya ikivunjika giaboksi, iliwekwa juu ya matofali na kuwa ghala la vipuri vya nyingine. Injini ya gari moja iliingizwa katika tumbo la gari jingine, na fundi alichonga mwenyewe bushi ambayo duka halikuwa nayo. Anayeona leo injini ya Toyota ndani ya bodi ya Land Rover akadhani ni ubunifu wa juzi, ajue ni mtoto wa dhiki ya miaka hiyo.

Ruksa, mitumba na IT

Bajeti ya 1984 ilifungua mlango kwa mwenye fedha zake nje kuingiza bidhaa, na enzi ya Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, ikaupanua. Magari yaliyotumika yakaanza kuja, kwanza kidogokidogo, kisha kwa meli nzima. Japani ilitufaa kwa sababu wao pia huendesha upande wa kushoto, na usukani wa magari yao mengi uko kulia kama wetu.

Mwaka huohuo wa 1984 Toyota walianzisha Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo mitaani wengi huiita mkonga kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Mashirika, migodi na serikali waliichukua mpya. Raia wa kawaida walisubiri mnada, au wakanunua Prado, Surf na Land Cruiser za kifahari zilizozeeka Japani. Shangingi la waziri wa jana likawa gari la kazi la mkulima wa kahawa wa Mbozi. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawekwa lami kwa fedha za mpango wa Marekani uliotiwa saini Dar es Salaam Februari 2008, na mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kikazinduliwa. Lami ilipofika Sumbawanga, gari lililoinuliwa halikuhitajika tena kwa kwenda kazini. Hapo ndipo lilipoanza kuwa la kutembelea. Mtu wa Mlowo au Vwawa sasa huenda porini kwa sababu anataka, jambo ambalo babu yake angelishangaa.

Kwenye gereji

Mafundi wa Tunduma wana faida ambayo miji mingi haina: malori yanayosimama hapa huacha chuma. Tazama kazi ya kuinua nyuma ya pikapu. Gari limekaa juu ya magogo mawili, gurudumu limetolewa. Fundi analegeza yuboliti na kuishusha springi nzima chini, pleti zake zikiwa zimeshikana kwa kutu. Pleti moja imenyooka kama rula. Anachukua pleti kuukuu ya Fuso, anaikata kwa grainda kwa kipimo alichochora kwa chaki, kisha anailaza juu ya kipande cha reli na kuigonga nyundo bila kuitia motoni, kwa sababu moto huua ugumu wa springi. Kila baada ya mapigo machache anailinganisha na ile ya zamani, hadi mkunjo ukubali. Anapaka grisi, anapitisha boliti ya katikati na kukaza. Gari likishushwa limepanda vidole vitatu.

Fundi mwaminifu atakwambia pia bei ya vidole hivyo. Gari likipanda zaidi ya sentimita 5 hivi, propela shafti hufanya kazi kwa pembe ambayo haikuundiwa, mipira ya breki huvutika, na shokomzoba za zamani huwa fupi. Pleti ikizidi ugumu, gari tupu hurukaruka na chasisi ndiyo inayolipa. Prado na Surf nyingi zina springi za koili, na nyingine hazina ekseli ya moja kwa moja mbele. Kuzichomekea vipande vya chuma ili zipande haraka ni kuharibu sehemu nzima ya mbele ya gari kwa ajili ya picha.

Mkonga nao una siri yake. Kazi yake ya kila siku ni kuvuta hewa ya juu isiyo na vumbi jingi. Kuvuka maji ni kazi ya mara moja moja, na haiwezekani kwa bomba peke yake. Difu iliyopata moto ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa ndani yake hunywea na kuvuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Kwa hiyo mwenye mkonga bila mipira ya kuyapandisha juu matundu ya difu na giaboksi amenunua nusu ya kitu.

Injini ni habari nyingine ya mapendeleo. Wazee wa gereji huisifu 1HZ, dizeli ya silinda sita na lita 4.2, iliyoanza mwaka 1990. Haina haraka, lakini pampu yake ni ya chuma kitupu bila kompyuta, na hustahimili mafuta yasiyo safi. Dizeli za kisasa zina nguvu zaidi na hunywa kidogo, ila nozeli zake huchukia uchafu na maji, vitu viwili ambavyo dizeli ya mapipa vijijini haikosi. Anayechagua injini ya kisasa anunue na chujio la pili.

Mzigo wa watu ishirini

Kosa linalowamaliza wengi ni uzito. Prado au Land Cruiser ya kawaida imeundwa kubeba kilo 600 hadi 700, abiria wakiwemo. Kwa hesabu ya frasila mbili, hiyo ni mizigo ya wapagazi ishirini hivi. Sasa pakia kwa makadirio ya gereji. Ngao ya chuma na winchi ni kilo mia moja. Keria na hema la juu ni mia nyingine. Betri ya pili na gurudumu la pili la akiba ni sitini. Watu wawili ni mia na hamsini. Maji lita 60 ni kilo 60, na madumu mawili ya dizeli ya lita 20 ni kama arobaini. Ongeza friji, jiko, chakula, spana na jeki, na umeshafika kilo 600 kabla rafiki wa tatu hajaomba lifti. Wapagazi ishirini wamejaa, na watatu kati yao umewapandisha juu ya paa, mahali pabaya kuliko pote kwenye mteremko wa pembeni.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye matairi, breki na shokomzoba, wala si kwenye vitu vya kuning'iniza. Matairi mapya yenye mbavu imara, pampu ndogo na kipimo cha upepo hufanya zaidi ya winchi. Presha ya psi 35 ikishushwa hadi 20 katika mchanga au tope, tairi hutanuka na kukanyaga eneo kubwa, na gari lililokuwa likichimba kaburi lake huanza kupanda. Ukirudi kwenye lami unajaza tena, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo wa lami hupata moto na kupasuka. Sepetu, panga, kamba imara na vibao viwili vya kuweka chini ya magurudumu havina uzito wa kutisha, navyo vimekuwa kazini tangu enzi za Crossley.

Pa kwenda pako karibu. Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kutoka angani chenye urefu wa mita 3 hivi, kiko Mlima Marengi. Wenyeji walikijua siku zote, na wanasayansi walikisikia mwaka 1930. Huko gari lolote linafika. Kushuka kutoka nyanda za Momba hadi Kamsamba ni mtihani mwingine. Unaacha baridi ya Tunduma na kuingia joto la Bonde la Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka, ambalo ukingo wake husogea mbele na nyuma kwa miaka. Ardhi huko ni ile nyeusi ya mbugani. Kiangazi hupasuka na kuwa ngumu kama saruji, na mvua ya saa moja huigeuza gundi inayojaza mbavu za tairi na kulifanya lizunguke bure. Tangu Novemba hadi Aprili hakuna mkonga wala ngao inayobadilisha tabia hiyo. Msafiri mwenye busara huenda kati ya Juni na Oktoba, au huenda na gari la pili.

Na huko ndipo ile orodha ya kazi za msafara inapotuonyesha pengo lililobaki. Mpagazi, mpishi na wavuta kamba wote wamepata chuma cha kuwarithi. Kirongozi hajapata. Ramani ya simu huonyesha mstari mpaka mtoni. Haisemi kwamba kivuko kilihama baada ya mafuriko, kwamba njia ile sasa ni shamba la mpunga, wala kwamba pale penye kivuli kizuri viboko hupanda usiku kula majani. Anayeyajua hayo ni mvuvi, mfugaji au mwenyekiti wa kijiji. Ukifika, pitia kwanza ofisi ya kijiji, salimia, eleza unapokwenda na uombe mahali pa kupiga hema. Ukipewa kijana wa kukuonyesha njia, mpe kiti cha mbele, na malipo mpatane mapema. Katika bajeti ya kulitengeneza gari lako, tenga fungu la huyo kabla hujanunua winchi.